Safu ya Saba

Siku za mwanzo sikumpenda Mzee Faili, kwa sababu alikuwa ananirudishia kazi. Duka langu la fotokopi linatazamana na lango la ofisi ya kumbukumbu, na kila anayetoka mle na karatasi hupitia kwangu. Watu huchukua nakala zao wakaenda zao. Yeye alikuwa anasimama pale kaunta, anainua kila karatasi kwenye mwanga, kisha anasema, "Binti, hapa pembeni herufi mbili zimeliwa. Toa nyingine." Mimi nina wajukuu watatu, lakini kwake nilikuwa binti. Nilitoa nyingine huku nimenuna.

Alikuwa karani mstaafu. Miaka thelathini na sita alikaa masjala ya ustawi wa jamii, upande wa watoto walioachwa, waliopotea na waliokabidhiwa wazazi wengine. Alipopewa barua ya kustaafu hakujua asubuhi aende wapi. Mkewe alikuwa ametangulia, watoto wake kila mmoja na mji wake. Basi akawa anarudi palepale, ila sasa anakaa kwenye benchi la wageni, na kutoka benchi hilo ndipo alipoanza kuwatafutia watu ndugu zao.

Usidhani ni kazi ya ajabu. Watu walioko ng'ambo, wakifika umri fulani, huanza kuulizia walikotoka. Huyu anataka cheti cha ndoa cha bibi yake, yule anataka kujua babu aliyekwenda machimboni aliishia wapi. Hawawezi kupanda ndege kuja kufungua daftari moja. Kwenye mtandao kuna chama cha watu wanaojitolea: wewe nifungulie daftari la kwenu, na mimi nitakufungulia la kwetu. Sijui nani alilitia jina la Mzee Faili kwenye orodha yao, ila barua pepe zilianza kumiminika kwenye anwani ya duka langu, maana yeye hakuwa na anwani wala simu ya maana. Yeye anatamka, mimi nachapa. Alipokea nauli na gharama ya nakala tu. Nilimwambia anajipunja. Alisema mtu hatozwi kwa kutaka kujua jina la mama yake.

Wapo waliotoza, tena bila haya. Alikuwepo mmoja tuliyemwita Mwanasheria, kwa ajili ya mkoba wake, si kwa kusoma sheria. Huyo alikuwa anauza ukoo. Alimuuzia mama mmoja wa mbali babu mzima, mwenye ng'ombe mia mbili na picha juu. Picha yenyewe niliifotokopi mimi kutoka kwenye kalenda ya kinyozi, nikidhani ni mapambo. Njaa ikishapanda kichwani hata wafu hawapumziki.

Mwanasheria ndiye aliyetuletea Mwana, bila kujua. Mwana tulimpa jina hilo kwa sababu barua zake zote zilimalizikia hivyo: "Mimi mwana wa," halafu jina la mama yake, basi. Alichukuliwa na wazazi wa kigeni akiwa na miaka miwili, na sasa alikuwa na arobaini na mitatu. Wale waliomlea walipofariki alikuta karatasi kabatini zikisema mama yake ni marehemu, ndipo akajifunza Kiswahili ukubwani kwa vitabu, sentensi fupifupi kama za mtu anayevuka mtaro kwenye ubao. Alikuwa amemlipa Mwanasheria amtafutie kaburi la mama, akatumiwa picha ya kaburi lililosakafiwa vizuri, lina jina. Sasa aliomba mtu wa kujitolea akalione kwa macho kabla hajakata tiketi.

Mzee Faili aliitazama ile picha mara moja tu. Rangi ya jina ilikuwa imechuruzika. Alikwenda makaburini kesho yake, akakwangua kwa ukucha, chini yake akakuta jina la mwanamume. Alirudi dukani na rangi bado kwenye ukucha. Sikuwahi kumsikia akitukana, lakini siku hiyo alimtukana Mwanasheria na waliomzaa. Akaniambia nimwandikie Mwana kwamba ndani ya wiki moja atapata ukweli, na usipotoka kwake hautatoka kwa mtu mwingine. Nikachapa hivyohivyo. Yalikuwa maneno ya kujisifu, na siku ile niliyapenda.

Vijana wa masjala walimtolea daftari la watoto bila kumsumbua. Mwenyewe alinieleza baadaye lilivyo: mistari ya kulala, safu saba. Jina la mtoto, umri, tarehe aliyopokelewa, nani kamleta, mama anakaa wapi, sababu ya kuletwa. Safu ya saba ni ya ridhaa ya mama. Pale panatakiwa dole gumba lake, na kama ni marehemu, neno "amefariki" na namba ya cheti cha kifo. Bila kimojawapo, faili la mtoto haliendi popote.

Aliingia dukani mchana, mikono mitupu. Hakuja kaunta. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja, akaiweka kofia magotini. Nikamtania kama daftari limeliwa na mchwa.

"Limeandikwa amefariki," alisema.

"Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

"Mwandiko ni wangu."

Sikuelewa, ikabidi aniambie pole pole, na kila alichosema alikisema akiwa ameitazama kofia. Enzi hizo mkubwa wao alikuwa anarudisha faili lolote lenye safu tupu, na kurudishiwa faili ilikuwa aibu mbele ya wenzako. Wazazi wa kigeni wameshafika, wanasubiri. Mama yuko hospitali ya mbali, na kumpelekea fomu akaweke dole ni kazi ya miezi miwili. Basi makarani waliandika "amefariki", na pale pa namba ya cheti wakachora kistari. Wote walikijua kile kistari. Wakubwa hawakusoma namba, waliangalia safu imejaa au haijajaa.

Na kwenye mstari uleule, safu ya sita, alikuwa ameandika kwa kalamu ileile: mama amelazwa wodi ya kifua kikuu, anaomba mtoto atunziwe miezi sita. Safu ya sita mama mzima, safu ya saba mama maiti, na katikati yake hapaingii hata ukucha. Nilimuuliza aliwaandika wangapi namna hiyo. Alifikiri sana. Akasema kwa mkono wake peke yake huenda ishirini.

Sitamtetea. Wapo watakaosema alikuwa kijana, alitumwa, na mtumwa hana kosa. Mimi niliona pale benchini mtu aliyewahi kukata kamba ya mtoto na mama yake ili apate kwenda kula mchana. Lakini niliona pia kwamba hakukimbia. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye daftari za vifo, akazipekua siku mbili. Jina la yule mama halikuwemo. Akachukua safu ya tano, chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akaanza kutembea. Mashine ilishavunjwa. Mwenye nyumba alishakufa. Mtoto wa mwenye nyumba alimwelekeza kwa shoga yake yule mama, na shoga akamwelekeza mtaa mwingine. Siku ya nane alimkuta, hai.

Alikuwa anakaa chumba cha mwisho kwenye safu ya vyumba kumi vinavyotazama bomba moja. Kazi yake ilikuwa kufumua masweta ya mitumba na kuzungusha nyuzi ziwe mabonge, mafundi wazinunue. Kwa umri alikuwa mdogo kuliko Mzee Faili, lakini ukiwakalisha pamoja, alisema mwenyewe, ungedhani ni mama yake. Mguu mmoja ulikuwa umevimba. Mzee Faili alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na alipofika mlangoni akasema anatafuta chumba cha kupanga.

Yule mama alimkaribisha kwenye kiti pekee, akampa maji. Alikaa saa nzima. Mama alizungumzia mguu, akazungumzia kodi, halafu bila kuulizwa akasema aliwahi kuwa na mtoto. Alipotoka wodini alikuta ameshapelekwa. Kila mwaka, mwezi ule aliompeleka, alikwenda ofisini kuuliza, mpaka mlinzi wa getini akawa anamjua. Walimjibu faili limefungwa. Alikwenda miaka kumi na tisa, mpaka mguu ulipokataa. Akasema vijana wa pale hawakumfukuza hata siku moja, walikuwa na adabu.

Mzee Faili aliniambia alimtazama usoni saa nzima na hakumkumbuka. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kaunta ilikuwa yake miaka yote ile, lazima alimjibu yeye mara nyingi tu, na sura haikumrudia. Na mama naye hakumtambua.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Alinisimulia haya siku ya kufunga shule, wanafunzi wamepanga foleni mpaka barabarani na mashine inanitafuna karatasi. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia asubiri. Nilimwambia mama mwenyewe mgonjwa, habari kama hiyo ukimbwagia tu inaweza kumwua, mwache apate nguvu kwanza, na Mwana naye mtayarishe taratibu. Yalikuwa maneno ya busara ukiyasikia. Ukweli ni kwamba nilitaka aondoke kaunta.

Akashika hilo neno langu kama mtu aliyepewa cheti cha daktari. Kila asubuhi alikuja, akakaa, akatamka, "Ndugu yetu, tunakuandikia," halafu akaniomba nifute. Siku ya pili hivyo. Siku ya tano hivyo. Mwana alikuwa anaandika, "Mzee, kuna habari? Mimi nasubiri. Nasubiri vizuri." Nilimshauri amwambie tu kwamba mama amepatikana, nani atauliza mwandiko wa nani? Akasema mtoto atauliza kwa nini waliandika mama kafa, na hapo atajibu nini. Kudanganya hakutaka tena, kusema ukweli hakuweza, akabaki amesimama mlangoni wiki tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walishasema, na tumbo lenyewe halikuwa letu.

Jumatatu ya tatu nilimpandishia sauti. Nilimwambia kama leo hajaenda kumwambia yule mama, nitaandika barua mwenyewe na jina lake nitaliweka chini. Aliinuka, akavaa kofia, akaenda.

Alirudi kabla ya saa sita. Alikuta mabenchi yamepangwa uani, na wanawake wawili wanaosha masufuria kwenye bomba. Mama alikuwa amefariki Jumamosi, mguu ule ule, akazikwa Jumapili kwa michango ya majirani. Walimkalisha na waombolezaji, wakamuuliza marehemu ni nani wake. Alijibu kwamba yeye ni wa ofisini. Mabonge ya nyuzi, alisema, yalikuwa bado kitandani, na mwenye vile vyumba alikuwa anauliza ayafanyeje.

Siku ile nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo silifanyi. Alitamka kwa muda wa saa mbili. Alitamka safu ya sita na safu ya saba, kistari, mashine ya kusaga, maji aliyopewa, wiki tatu. Nilijaribu kulainisha. Pale aliposema "niliandika", mimi nikachapa "iliandikwa", akaniambia nimsomee, akanisahihisha. Zile wiki tatu nilitaka kusingizia kwamba aliugua, homa hivi, akakataa. Jina langu hakulitaja. Nilikaa namsubiri alitaje, niseme ndiyo, ni mimi niliyekwambia. Hakulitaja, na mimi sikusema. Tukatuma na picha ya kaburi, udongo mbichi, halina jina.

Jibu lilikuja siku ya pili yake. Nilidhani atatutukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Uliingia mstari mmoja. Nilimsomea Mzee Faili, akaniomba nirudie kana kwamba hakusikia, nikarudia: "Mama alijua mimi natafuta?"

Nikamwambia, kwa sauti ya chini japo tulikuwa wawili tu, "Mzee, mwambie alijua. Hakuna atakayetuuliza."

Mteja alikuja mlangoni na kitambulisho chake mkononi, akatuona, akageuka.

"Andika hapana," alisema Mzee Faili.

Nikaandika. Nikamuuliza kama kuna lingine la kuongeza.

"Andika alikuwa anakuulizia wewe, na mimi nilikuwa nimekaa naye, nikanyamaza."

Nikaandika hivyo, nikatuma. Mwana hajajibu mpaka leo.