Unyayo wa Baba

Katika utoto wangu kule Nkwenda, niliamini kabisa kwamba mchawi akizoa udongo ulioukanyaga, mguu wako utakufa. Kwetu karibu kila mtu aliamini hivyo. Kwa hiyo Baba alipoanza kusimama njiani kila akienda sokoni, ameshika shavu la mguu kwa maumivu, wakubwa walitazamana. Alikuwa na kisukari, lakini vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya tu. Mguu ukawa baridi. Kisha buti la shambani likamchubua kidole, kidonda kikakataa kupona, kikawa cheusi.

Mganga alisema unyayo wake umezolewa na mwanamke wa damu yake. Huyo angekuwa nani kama si Shangazi Adventina, dada yake pekee, aliyeishi nasi kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, na kutupikia ndizi kila Mama alipojifungua? Baba akamkataza kukanyaga kwetu. Shangazi hakugombana naye. Alisema tu, "Kaka, nenda hospitali," akafunga nguo zake, akaenda kupanga chumba mjini Omurushaka.

Baba alikubali hospitali kidonda kilipofika kisigino. Mama alinisimulia baadaye kwamba daktari alimpapasa mguu akitafuta mapigo ya damu, asiyapate. Akaeleza kuwa sukari ya miaka mingi imeziba mishipa, damu haifiki chini, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Ingebidi kukata.

"Kwa hiyo hakuna aliyenifanyia?" Baba aliuliza.

"Hakuna, mzee. Ni sukari."

Ndipo akamwambia Mama amwite Adventina.

Mimi nilitumwa kumchukua Shangazi, tukaja naye kwa basi. Tulipofika, Baba alikuwa ameshafariki. Sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Mama akamweleza Shangazi kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyeagiza aitwe.

"Alinitaja kwa jina?"

"Alikutaja, wifi."

Shangazi akakaa chini pale pale mlangoni mwa wodi. Msibani alipika, wala hakuna aliyegusa chakula chake. Mpaka leo hajarudi kuishi kibanjani, na sisi tunaozeeka sasa ndio tunaomfuata mjini kumwamkia.

Ugonjwa ule siulaumu tena. Haukumjua Baba. Lakini Shangazi sisi tulimjua, alitubeba wote mgongoni, na bado tulimwamini mganga.