Mikate ya Vijana wa Angola Kule Kasaji

Wengi wenu hapa Dilala, Kolwezi, mliniuliza kwa nini niliacha jiko la kantini ya mgodi, mahali ambapo mshahara wangu ulikuwa na uhakika, nikapanda treni kwenda kuishi na wakimbizi. Padri wetu alikuwa amerudi kutoka upande wa magharibi, kuelekea mpakani, akatueleza kwamba vijana waliokimbia vita vya Angola wamejaa Kasaji, wanakula chakula cha kugawiwa na kushinda wamekaa. Misheni ilitaka kuwafungulia jiko karibu na stesheni, wapike, wauzie abiria, wapate kazi itakayowalisha hata siku misaada ikikoma. Jiko lilikwisha jengwa. Aliyekosekana ni wa kufundisha. Mimi nimewapikia wachimbaji tangu usichana wangu, na baba yangu mwenyewe aliletwa hapa kutoka Kasai akiwa mgeni asiyejua mtu. Nikasema nitakwenda.

Asubuhi ya kuondoka Kolwezi kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayoumiza vidole. Treni ilipita kando ya vilima vya mawe ya mgodi, kisha ikaingia porini, katika miti mirefu na majani yaliyochomwa moto. Kila kituo kidogo, akina mama walikuja mbio na kuinua mabeseni hadi madirishani: mihogo ya kuchemsha, karanga, asali kwenye chupa. Nilinunua, nikaonja, nikapima kwa ulimi wa mpishi. Mara mbili treni ilisimama porini muda mrefu na hakuna aliyetuambia sababu.

Kasaji tulifika jua likishuka. Katekista, Tata Muteba, alinipokea na baiskeli yake, akafunga mzigo wangu nyuma.

“Karibu, Mama Ngalula,” alisema. “Batoto banakungojea tangu saa sita ya midi. Balifikiri haukuye tena.”

Vijana walikuwa wamepanga mstari mbele ya jiko, wamenawa, wamenyamaza. Wao kwa wao waliongea Kichokwe, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota sokoni. Sisi Wazaïre tulikuwa tumekwisha ondoa majina ya ubatizo kwenye karatasi zetu kwa amri ya serikali, lakini wao walikuwa nayo bado, na Tata Muteba aliyataja kwa raha kama mtu anayeimba litania. Wawili nitawataja hapa. Rosa alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kuelewa, mzito wa kucheka. Domingos alikuwa na umri wa kuoa, sauti kubwa, na hakutaka kabisa kukaa jikoni. Yeye alitaka kuuza tu.

Siku za kwanza niliwafundisha usafi, kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, bila kumaliza makala, kupika bukari, ugali wetu, isiyo na madonge, na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese ya kutosha. Treni ya kutoka Dilolo, upande wa mpakani, ilipokuja, tulipanga sahani chini ya ukuta wa stesheni. Chakula kiliisha kabla injini haijapiga honi. Domingos alikimbia kutoka dirisha hadi dirisha, akirudi mikono mitupu kila mara. Niliona kazi yangu imefaulu mapema kuliko nilivyotumaini, nikamwambia Tata Muteba hivyo.

Yeye alitazama upande wa pili wa ukuta, ambako akina mama wa Kasaji walikuwa wanafunika masufuria yao. Yalikuwa bado yamejaa.

Asubuhi iliyofuata mmoja wao alikuja jikoni, mjane aitwaye Mama Kahilu, aliyekuwa ameuza chakula pale stesheni kwa miaka mingi. Nilidhani amekuja kugombana. Alikaa kwenye kigoda, akakubali maji, akanywa yote kwanza.

“Mama, mi siko na bubaya na bano batoto,” alisema. “Banaongea Kichokwe, luga yetu, ni bandugu. Lakini bunga yenu inatoka ku misheni, bya bure. Mi bunga ninalipa, makala ninalipa. Nitauzisha bei gani ili mutu aache yenu akuye kwangu? Jana batoto bangu balikula bile nilipikaka kwa ba treni. Leo sina ya kupika tena.”

Kila alilosema lilikuwa kweli.

Alipoondoka niliwaita vijana, nikawaeleza. Nilitegemea watasema, sisi tutakula nini? Rosa ndiye aliyezungumza.

“Kule kwetu batu balitufukuza,” alisema polepole. “Hapa hatujafukuzwa. Tukikamata nafasi ya ule mama, tutaikala naye namna gani?”

Tukaamua kuacha bukari na sombe. Lakini tuuze nini ambacho hakipo? Wakati huo mkate Kasaji uliletwa na treni kutoka Kolwezi, na ulifika mgumu. Kuoka mkate ninajua. Nikawaambia tutajenga tanuri, tutaoka, na hatutauza dirishani hata mmoja. Akina mama watachukua kwetu kwa bei ya chini, nao ndio watakaowauzia abiria.

Wote walikubali isipokuwa Domingos. Alisimama akatoka, na siku mbili hakuonekana. Nilikasirika, nikasema ni kiburi cha kijana anayependa kuonekana na watu. Tata Muteba ndiye aliyenisahihisha.

“Hapana kiburi, mama. Balipotezana na mama yake mu njia, usiku ya kukimbia. Kila treni ya Dilolo anauliza ku madirisha kama batu balimuona. Akiuzisha, banamusikiliza. Akikuya mikono mitupu, banamufukuza sawa muizi.”

Nililia, siwafichi. Kisha nilikwenda kwa Mama Kahilu, nikamweleza yote, nikamwomba jambo moja: kwamba beseni lake la mikate libebwe na Domingos. Alinyoosha miguu yake.

“Miguu yangu inazeeka,” alisema. “Akuye.”

Tanuri tulilijenga kwa matofali na udongo wa kichuguu. Mikate ya kwanza iliungua chini na kubaki mbichi ndani, tukawapa kuku wa misheni. Unga wa ngano ulikuwa haba, tukachanganya na wa mihogo, kidogo kidogo, hadi Rosa alipopata kipimo kilichokubali kuumuka. Tangu hapo tanuri lilikuwa lake. Sikumpa mimi; wenzake tu walianza kumwuliza yeye kabla ya kuniuliza mimi.

Nilipoondoka Kasaji mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Niliketi dirishani, mkate wa moto mapajani, zawadi ya Rosa. Treni ilikuwa imetoka Dilolo na mabehewa yalijaa. Nilimsikia Domingos akiuza, kisha akiuliza kwa Kichokwe: Joana, mama mwenye kovu kwenye paji la uso, nani amemwona? Watu walitikisa vichwa. Nyuma kidogo nilisikia swali lile lile kwa sauti nyingine. Alikuwa Mama Kahilu, beseni dogo la pili kichwani. Na mbele zaidi mwanamke mwingine wa stesheni, na mwingine, kila mmoja kwenye behewa lake, wakitoa mikate na kuuliza habari za Joana.

Hadi leo ninapoandika, Joana hajapatikana. Tata Muteba ameniletea habari kwamba wanaendelea kuuliza.

Nilipofika hapa Dilala, padri aliniuliza vijana wamejifunza nini. Nilimjibu kwamba wanaoka vizuri, na kwamba kazi ya mikono niliwafundisha mimi, lakini ruhusa ya kuifanya waliipata kwa akina mama wa Kasaji. Mgeni ukimfundisha kazi bila kumtazama aliyekuwa akiifanya kabla yake, umempa riziki na adui kwa siku moja. Kisha nikamwomba jambo lililonirudisha nyumbani mapema: gunia la unga wa bure likienda tena Kasaji, Mama Kahilu na wenzake wapewe nao sehemu yao.

Alikubali. Gunia lao la kwanza limeondoka na treni ya juzi.