Maji Yasiyo na Mapovu

Nilisikia pumzi kabla sijaona kitu. Ilikuwa nzito, inakwenda na kurudi, kana kwamba mnyama mkubwa amelala nyuma ya mlango wa stoo yetu, hapa mtaani Asiatique. Nilisukuma mlango. Kaka yangu alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, pua ameibana kwa kibanio, bomba ameling'ata, mgongoni amebeba mashine. Akaninyooshea kidole: subiri, usiniongeleshe.

Kaka huzamia ziwani kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye milia wanaopelekwa ng'ambo kuishi ndani ya vioo. Miaka yote alitumia mtungi wa kawaida: unafungua hewa, unazama, unapumua, mapovu yanapanda. Sasa patroni wake, tajiri anayemnunulia samaki, alikuwa amemwazima mashine inayosafisha pumzi na kuirudisha kifuani, bila kutoa povu hata moja, ili samaki wasishtuke. Jumatatu alitakiwa aseme kama anahamia huko au anabaki na mtungi.

Usumbufu wa mashine hiyo niliuona nyumbani. Kila safari ilibidi ajaze kopo punje za chokaa inayokula uchafu wa pumzi, aligongegonge lisibaki na pengo, akague mabomba, kisha akae apumue vile, macho kwenye namba za kipimo chake. Akirudi, aoshe kila kitu na kukianika. Kamba ya nguo ya wifi yangu, mkewe, ilijaa mabomba meusi.

"We bwana," wifi alimwambia, "mutoto wako wa kwanza hukumuosha hivi."

"Ule alikuwa na mama," kaka akajibu. "Hii iko yatima."

Jumamosi mimi na wifi tulikwenda naye kwa mashua kusini mwa mji, pale mchanga unapoishia na mawe kuanza. Kwetu kuangalia mapovu, kujua mzamiaji yuko wapi na bado anapumua, ni kazi ya watu wa nyumbani. Kaka hamwachii mtu baki. Mapovu yakiwapo, mimi na wifi tunamenya karanga na kusengenya mtaa mzima. Yakisogea, tunapiga kasia kuyafuata. Yakikatika, tunanyamaza.

Siku hiyo hayakuwapo hata ya kukatika. Kaka alizama, maji yakajifunga juu yake, ziwa likatulia mpaka milima ya Kongo kana kwamba halijameza mtu.

"Iko wapi?" wifi akauliza.

"Iko chini," nikajibu.

"Chini ni kubwa, wifi."

Karanga zilibaki kwenye kanga. Wifi alitia mkono majini akauacha humo, kama mtu anayepima joto la mtoto. Mimi nilishika kasia, nisijue pa kulielekeza.

Kaka aliibukia upande tuliokuwa tumeupa mgongo. Tulipiga kelele wote wawili. Yeye alikuwa anacheka.

"Wamekuja mpaka usoni! Wananiangalia! Mi nimekuwa jiwe!"

Sijawahi kumwona na furaha ile, wala siku ya harusi yake. Ndiyo iliyonitisha zaidi.

Jumapili mchana, wifi akipakua wali, alimuuliza polepole: "Hewa ya mtungi ikiisha, unajua?"

"Najua. Inakuwa nzito kuvuta."

"Na ya mashine ikiharibika?"

Kaka aligeuzageuza kijiko. "Namba zinaonyesha."

"Siulizi namba. We mwenyewe, mwili wako, utasikia?"

Angeweza kudanganya, mimi nilimwombea adanganye.

"Apana," akasema. "Saa zingine mutu hasikii kitu. Analala tu."

Wifi alimwekea kipande kikubwa cha samaki, akaenda kukaa kibarazani.

Jumatatu asubuhi niliamka nikitega sikio kwenye stoo. Kimya. Kaka alikuwa sebuleni, anaifunga mashine ndani ya gunia kwa upole, kama mtu anayemvisha mgeni koti.

"Naenda kuirudisha," alisema. "Wale samaki wako karibu na juu. Mtungi unatosha. Watakimbia kidogo, nitawafuata."

Wifi alishusha pumzi ndefu. Kisha akauliza: "Patroni ataiweka?"

"Mwenzangu wa mashua ingine ameshaiomba. Ule kijana asiye na mutu hapa mjini."

"Na yeye, juu, ataangaliwa na nani?"

Kaka alisimama kizingitini, gunia begani. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Halafu akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.