Mshumaa Nje ya Dirisha

Msimamizi wa kikampuni kimoja cha kuhudumia wagonjwa majumbani hakumgusa mama yake Attracta kabla ya kupasha mikono kwenye birika la chai. Kisha alikagua: alibana pindo za zulia, akasukuma kitanda kuona kama breki zimeshika, akafuata mpira wa oksijeni kwa vidole toka mtungini hadi puani.

"Polisi wa mazulia amerudi," mama alikuwa akimtania.

"Na wewe mshtakiwa, umekunywa uji?" alijibu kwa sauti yake ya kukwaruza.

Alasiri ile mama alipoanza kukata roho, Attracta alitoa mshumaa uliobarikiwa kanisani, ambao kwao huwashiwa kila anayeaga dunia. Msimamizi aliufunika utambi kwa kiganja.

"Hapana, mpenzi. Penye oksijeni hatuwashi moto."

"Basi aende gizani?"

"Nikiifunga, atakufa akitweta. Nipe huo mshumaa."

Akatoka mvuani. Alisimama nje ya dirisha, koti amelitanda juu ya mshumaa kama hema, na mwali ukasimama nyuma ya kioo. Mama aligeuza shingo, akautazama. Attracta alianza rozari, na kila alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" aliona midomo kule nje ikisema amina, maji ya mvua yakimtiririka msimamizi shingoni. Hakuondoka hadi mgonjwa alipotulia.

Siku hizi Attracta akiwaombea marehemu wake, humtaja pamoja nao mtu mmoja aliye hai.