Kitabu Kilichorudi Kitupu

Kuna Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, kila mtu anaponiuliza nasoma kitabu gani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu asiye na cheti katika shule moja nje kidogo ya mji wa Machakos, mwenye suruali moja nzuri na maneno mengi. Siku hiyo nilimpa mama mmoja kitabu ambacho sikuwa nimekisoma, nikamwambia nimekisoma. Ni hilo tu. Ukilisikia hivi unaona ni jambo dogo, na hata mimi niliona hivyo kwa majuma matatu mazima.

Nimelikumbuka tena kwa sababu yenu. Mjukuu wangu Mwende, yule anayekaa Syokimau, aliniingiza katika lile kundi lenu la simu la watu wanaoambiana wanasoma nini. Nawapongeza, msidhani nimekuja kulalamika. Mzee aliyezoea kuambiwa vijana hawasomi hufurahi kuwaona mkigombania vitabu. Lakini Jumanne Mwende aliweka picha ya jalada akaandika, "Hii kitabu ni moto, lazima kila mtu aisome!" Mmoja wenu akamuuliza kama ameimaliza. Mwende akajibu, "Bado hata sijaianza, lakini nimeskia ni noma." Mkacheka, mkammiminia vidole gumba. Mimi sikucheka. Niliweka simu mezani nikatoka nje kwenda kuangalia kuku, na kuku hawakuwa na shida yoyote.

Basi sikilizeni. Zamani hizo hatukuwa na simu, lakini tulikuwa na baraza la Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa fundi wa nguo mjini. Wazazi wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara hapa Machakos, naye akazaliwa hapa, akazeeka hapa, ila Kiswahili chake kilibaki cha kwao. Kila Jumamosi alasiri watu saba au wanane tulikaa mbele ya duka lake, yeye akiendelea kushona, na kila mmoja akaulizwa maswali mawili: unasoma nini, na ungempa nani kati yetu? Hukuruhusiwa kusema tu kwamba kitabu ni kizuri. Ilibidi useme kinamfaa nani, na kwa nini yeye.

Tena kulikuwa na sharti jingine, na hilo tulilitoa kwetu Ukambani. Unajua mtu akikuletea kitu ndani ya kiondo, humrudishii kiondo kitupu. Unatia japo konzi ya maharagwe. Kwa Bi Zuhura kitabu nacho hakikurudi kitupu. Ulikirudisha na kijikaratasi ndani, kilichokatwa kwenye zile karatasi zake za kupimia nguo, umeandika mstari mmoja wa ulichokikuta humo. Nilivipenda vijikaratasi hivyo kuliko vitabu vyenyewe, nadhani kwa sababu vilikuwa vifupi.

Kati yetu alikuwapo Mama Ndanu. Alitoka upande wa Muthetheni, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amempoteza bintiye Ndanu, msichana wa miaka kumi na sita. Unaijua mito yetu ya mchanga. Mwaka mzima unaivuka na viatu vyako miguuni, halafu mvua inanyesha milimani usikoona, na mto unashuka mara moja. Ulimkuta Ndanu katikati. Baada ya mazishi mama yake alinyamaza kabisa, hadi kaka yake akaja kumchukua wakae naye hapa, chini ya milima ya Iveti. Kitu pekee kilichomtoa nyumbani ni baraza lile. Alikuja, akakaa mwisho wa benchi, akachukua kitabu, akaondoka. Sote tulijua habari yake, na mimi nilijua pia.

Jumamosi ile nilikuwa na kitabu nilichokiazima kwa mwalimu mkuu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kitabu hakikuwa na kosa. Jalada lilikuwa na bibi harusi akicheka. Nilikuwa nimesoma kurasa ishirini, na zilikuwa na vichekesho kweli kweli: wale mbuzi watatu wa ntheo, wanaopelekwa nyumbani kwa msichana kufunga uchumba, wanakata kamba, wanaingia kanisani ibada ikiendelea, na mjomba wa bwana harusi anawakimbiza kati ya wanakwaya. Baada ya hapo wiki ilinishinda. Kulikuwa na mashindano ya voliboli. Lakini Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimejigamba mbele ya watu kwamba nitakimaliza, na mwalimu, mwanangu, huona haya zaidi kusema hajamaliza kuliko kuonekana na kiraka.

Zamu yangu ilipofika nilikisifu kitabu kile hadi nikajishangaa. Debe tupu ndilo lenye kelele. Nikaulizwa ningempa nani. Nikasema, Mama Ndanu, kwa sababu anahitaji kucheka. Watu wakaguna kwa kuridhika, nami nikajiona mtu mwenye huruma.

Mama Ndanu akakipokea kwa mikono miwili, akaangalia jalada, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hakuna kifo ndani?"

"Hakuna, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Ni kicheko mwanzo hadi mwisho."

Ulimi hauna mfupa. Ningeweza kusema, sijafika mwisho, ngoja nikisome kwanza. Ni maneno machache sana. Sikuyasema.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu alikuja kaka yake na kiondo begani, akamwachia Bi Zuhura kitabu, akaondoka bila kukaa. Bi Zuhura akakifungua, akakitikisa. Hakikudondosha kitu. Akatazama ndani ya kiondo, nacho hakikuwa na kitu. Alisimamisha cherehani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tukiwa tumekaa.

"Mwalimu," akaniita, "kitabu hiki wewe wakijua?"

Nikaanza kubabaika. Hakunifokea. Alivuta kigoda karibu na meza ya kukatia nguo, akanipa kitabu, akasema, "Kaa hapa, usome. Nataka kusikia kila ukurasa unapoufungua, sitaki hadithi."

Wenzangu wakaaga mmoja mmoja. Nikasoma. Mbuzi wakapita, mjomba akapita, harusi ikakaribia. Kwenye ukurasa wa themanini na moja, mdogo wake bibi harusi anatumwa ng'ambo ya mto kuazima sufuria, na mto unashuka. Mwandishi alikuwa mtu anayejua. Aliandika hadi kiatu kilichobaki kwenye mchanga. Ukurasa ule ulikuwa umekunjwa pembeni, na kurasa zilizofuata zilikuwa safi, hazijaguswa.

Sikuweza kuinua macho. Bi Zuhura alikuwa akinitazama muda wote.

"Mimi kabla sijamkatia mtu nguo humpima," akasema. "Yule mama alikupa kipimo chake kwa mdomo wake mwenyewe, akakuuliza kama mna kifo. Nawe ukakata kwa macho tu. Nyumba njema si mlango, mwanangu. Wewe ulisimama mlangoni ukamwambia mwenzio ndani kwema, aingie."

Nikamwuliza nifanye nini.

"Maliza kusoma. Kisha nenda. Usende kabla hujamaliza, maana utamdanganya tena."

Nilimaliza Jumapili asubuhi, nikatembea hadi kwa kaka yake. Njia nzima nilipanga maneno, ya kitabuni kweli kweli, na nilipofika yote yakanitoroka. Mama Ndanu alikuwa nje akipukuchua mbaazi kwenye ungo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikakaa chini.

"Mwaitu, nimekuja kuomba msamaha. Sikuwa nimekisoma."

"Najua."

"Bi Zuhura amekuambia?"

"Hapana. Mtu amesoma hiyo kitabu hawezi kunipea akiwa anacheka."

Akaendelea na mbaazi zake. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Wewe unafikiria ni kifo imeniumiza," akasema. "Kifo niko nayo hapa kwa nyumba kila siku, mwana wakwa. Si hiyo. Ni vile nilikuwa nimeanza kucheka. Hizo mbuzi zilinichekesha mpaka ndugu yangu akatoka nje kuangalia ni nani anacheka. Tangu tuzike Ndanu hakuna mtu alikuwa amesikia sauti yangu hivyo. Alafu nikageuza karatasi, mto ikakuja. Sasa hata kucheka naogopa. Nikisikia kicheko inakuja, naifunga."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimedhani kosa langu ni kumkumbusha msiba. Kumbe yule mama alikuwa ameanza kurudi kwetu, mimi nikamrudisha alikotoka, na sasa kicheko chenyewe alikiona ni mtego. Ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sikujua kama kitu kama hicho hutengenezeka.

Akatikisa ungo, akaniuliza, "Mama ya huyo mtoto wa kitabu, alikuwa aje mwisho?"

Nilitamani sana kumpa mwisho mtamu. Ulikuwa ulimini. Nikakumbuka nilivyotumwa.

"Hakusahau," nikamwambia. "Harusi ilifanyika baada ya miezi kadhaa. Alipika, akavaa vizuri, akacheza kidogo. Halafu anaketi nyuma ya nyumba peke yake, na hadithi inaishia hapo. Mwandishi hasemi zaidi."

Mama Ndanu akaacha mbaazi. "Hiyo ni ukweli," akasema. "Hiyo mtu anajua." Kisha akaninyoshea kidole. "Leta hiyo kitabu Jumapili. Utanisomea wewe. Nikisema simama, unasimama, huniulizi."

Nikawa naenda kila Jumapili baada ya kanisa. Mara ya kwanza aliniambia nisimame mbuzi walipokata kamba tu, kwa sababu alihisi kicheko kinamjia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliwaacha wakaingia kanisani, akaziba mdomo kwa leso. Mara ya nne leso ikamshinda. Alicheka polepole kwanza, huku akinitazama kama anauliza ruhusa, halafu akacheka hasa, na kaka yake akatoka tena mlangoni na ugali mkononi. Hakuna cheti nilichowahi kupata baadaye kilichonifurahisha hivyo.

Tulipoukaribia ukurasa ule nilimwambia, "Mwaitu, imebaki karatasi mbili." Akanyosha mkono, akachukua kitabu, akaingia nacho ndani. Nilikaa nje nikihesabu majani ya mbaazi kwa kukosa la kufanya. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanirudishia kitabu na kuniambia, "Sasa endelea." Tukaendelea hadi mwisho.

Barazani alirudi, japo haikuwa papo hapo, akakaa benchi lile lile. Msidhani alinisamehe kipumbavu. Tangu siku hiyo hadi alipofariki hakupokea kitabu mkononi mwangu bila kuniuliza, "Umeisoma yote?" Aliuliza hata nilipokuwa mwalimu mkuu mwenye mvi. Niliona ni haki yake, na nilijibu kila mara.

Ila sikilizeni alichofanya. Miaka mingi baadaye alikuja barazani mama mwingine, mgeni, aliyefiwa na mume. Tukamwuliza angependa kusoma nini, akasema hajui. Sote hatukujua tumpe kipi, wasomaji wakubwa sisi. Mama Ndanu akainuka, akatoa kitabu kile, nakala yake mwenyewe aliyoinunua, akamwekea mapajani. Akamwambia hivi, na nayakumbuka maneno yake jinsi alivyoyasema:

"Hii iko na kifo. Ni ukurasa ya themanini na moja. Kabla ufike hapo utacheka, na usiogope kucheka. Ukifika hapo usisome ukiwa peke yako. Unitume mtu, nitakuja."

Yule mama alimtuma mtu siku ya nne, na Mama Ndanu akaenda.

Nimesikia watu wakisifu vitabu maisha yangu yote, mwanangu, wengine kwa Kiswahili cha kupendeza mno. Sijasikia sifa iliyoipita ile.

Kwa hiyo nawausia hivi, wewe Mwende na wenzako. Endeleeni kuambiana mnasoma nini, msiache, maana mtu anayekupa kitabu kizuri amekupa rafiki. Lakini msikisifu msichokisoma. Neno "bado sijamaliza" halijawahi kumvunjia mtu heshima, na uongo wa kusifu husafiri hadi nyumba usiyoijua, ukamkuta mtu usiyejua amebeba nini. Ukitaka kumpa mtu kitabu, mpime kwanza. Akikuuliza swali, ujue hilo swali lina sababu, ulijibu lilivyo. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usitume salamu, nenda mwenyewe, ukiwa umesoma hadi mwisho. Kitabu chenye huzuni hakimdhuru mtu aliyeambiwa ukweli juu yake. Kinachomdhuru ni kukikuta peke yake baada ya kuahidiwa kicheko.

Mungu akujalie macho ya kusoma hadi mwisho, na ulimi mzito pale usipojua. Akupe kucheka bila woga. Na siku mto wako utakaposhuka, kwa kuwa hakuna asiyeshukiwa na wake, usikose mtu aliyeupita ukurasa huo kabla yako, na ukimtuma mtu amwite, aje.