Mkulima Tuliyemzika

Kwetu marehemu hazikwi kimyakimya. Kabla ya udongo kumwagwa, mtu wa familia husimama akasoma historia yake: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Baba alipozidiwa na ugonjwa alijua msomaji nitakuwa mimi, binti yake wa kwanza, ndiyo maana aliniita mapema.

Kwa miaka kumi na saba baba alikuwa askari wa majini katika Ziwa Tanganyika. Vita vilipotufikisha Malawi, kwenye foleni ya kuandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mtu alimnong'oneza kwamba waliowahi kushika bunduki hurudishwa walikotoka. Baba akasema yeye ni mkulima. Neno likaingia kwenye faili, na katika kila mahojiano yaliyofuata ilitubidi sote tuliseme vilevile, hata kitindamimba wetu.

Mkulima jina tu. Alikodi kipande cha shamba njia ya Dowa, akapanda mahindi yaliyonyooka kama gwaride, halafu siku ya kupalilia akang'oa mahindi akaacha magugu. Majirani zetu kambini, wakimbizi wenzetu waliotoka Fizi, watu waliozaliwa na jembe mkononi, walicheka mpaka wakakaa chini. Nyumbani ndiko alikobaki askari. Alikagua vitanda vyetu kila asubuhi, akapiga pasi suruali ya kwendea bombani, na mbuzi akifungwa na yeye hakufunguka ila kwa kisu. Tulimwogopa na tulimpenda. Hasira zake zilipita upesi. Aibu haikupita: kila alipoitwa mkulima aligeuza uso.

Hospitalini Likuni, figo zimeshachoka, alinishika mkono.

"Siku ya kunizika, usome kama nilikuwaka marin," alisema. "Usiseme mulimaji. Umesikia?"

Nikamjibu nimesikia. Siku tatu baadaye akafariki.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tumepata wito wa kwenda Lilongwe kwa mahojiano ya mwisho ya kuhamia nchi ya tatu, itakayotupa makao ya kudumu. Tulikuwa tumeyangoja tangu watoto wa kaka yangu hawajazaliwa, na sasa walikuwa wanne. Kaka akanikuta kwenye cherehani, mama ameketi kando yangu, akaniomba nisome mkulima. Alisema matangani huja watu wa kila namna, na neno likishatoka halirudi. Nilimkumbusha nilivyomwahidi baba. Nilitaka agombe ili nami nipate kumkatalia, lakini alilia.

"Papa ameisha kufika," alisema. "Sisi tuko bado mu njia."

Mama akaendelea kukata nyuzi za kitambaa nilichokuwa nashona.

Nilisoma mkulima. Nilisoma kwamba alilipenda shamba lake. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mchungaji, ambaye hakujua lolote, akaongeza kwamba aliyelima udongo amerudi udongoni, watu wakaitika amina.

Lilongwe tulikwenda siku kumi baadaye bila mama, aliyebaki na wageni wa matanga, kwenye ofisi ndogo karibu na Area 18. Usiku kucha tulikuwa tumekaririshana mashamba, misimu na mbegu. Bwana wa mahojiano alikuwa mpole. Alipofika kwenye jina la baba akaomba cheti cha kifo, akakitazama, akachukua rula na kupiga mstari juu ya jina. Akasema pole, akahamia kwa jina la kaka. Nilikaa nikingoja alirudie lile la baba. Hakulirudia.

Tuliporudi mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakuuliza kama tutasafiri. Aliuliza walisema nini juu ya baba. Nikamweleza habari ya rula na mstari.

"Habakuuliza kazi yake?"

"Habakuuliza, mama."

Akainamia ungo wake, akatoa jiwe, akalitupa.

"Kumbe ungesoma tu," akasema.