Nilimnyonyesha Mwanawe, Sasa Wanamposea Binti Yangu

Mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako, wasomaji wape kisa tu. Majina ya watoto nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, Mmakua, nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Kusoma nilijifunzia Newala kwa baba mdogo, nikaishia darasa la tatu. Mume wangu alinileta Nachingwea kufuata kazi za karanga, kisha akaenda kwenye mkonge Tanga na hajarudi. Nikabaki na binti yetu Zuhura, mchanga wa mwezi mmoja. Ndipo nikapokewa nyumbani kwa karani mmoja kwenye kota, kwa kazi ya kula na kulala. Kulala ni chumba cha nyuma, mimi, mwanangu na magunia ya mkaa. Kula ni kinachobaki sufuriani.

Mke wa karani, Mama Hamisi, anajivunia kuzaliwa Lindi mjini. Sijapata kumwona akinyanyua ndoo. Kazi yake ni kukaa barazani na kuwaeleza wenzake Lindi kulivyo, utadhani Lindi iko karibu na Makka. Mimi nachota maji, natwanga, nafua mashati ya mumewe na kuyapiga pasi, na kila nilichofanya yeye hukikagua kwa ncha ya kidole. Kikombe changu kilitundikwa kwenye msumari wa nje. Siku moja nilikuwa na haraka nikanywea maji kikombe cha ndani, akakichukua akakitupa jalalani mbele yangu. "Watu wa kwa Mreno hamjui kuoga," alisema. Nilikuwa nimeoga tangu alfajiri. Yeye alikuwa hajanawa uso.

Sasa sikilizeni. Hamisi alipotimiza miezi miwili, maziwa ya mama yake yalikatika. Huku maziwa ya mwanamke yakikatika maneno hayakosi, wapo watakaosema katoka nje ya ndoa. Mumewe wakati ule alikuwa Mtwara kikazi, akija mara mojamoja. Basi mchana mmoja aliniita chumbani kwake, ambako siku zote naingia na ufagio tu, akafunga mlango, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mnyonyeshe. Na ukitoka hapa umesahau."

Nilimnyonyesha. Mtoto shingo imekonda, analia mpaka sauti imepotea, mimi ni mama, ningekataaje? Nilimnyonyesha miezi saba, mara nne, mara tano kwa siku. Anaanza yeye, Zuhura wangu anafuata kilichobaki na uji wa mtama. Mama yake akishampokea humfuta mdomo na kutoka naye barazani.

"Shoga, maziwa unayo," jirani humwambia. "Tazama mtoto alivyonona."

Naye hucheka. "Kwetu Lindi hatukaukiwi."

Mimi niko kwenye kinu nasikia, na kikombe changu kiko palepale msumarini. Mdomo wangu ulikuwa najisi, ziwa langu safi.

Hayo ningeyanyamazia. Lakini karani ana mama yake anayekaa Mandawa, kule Ruangwa, mtu wa sala na mwenye huruma. Kila baada ya mavuno huja na ufuta na korosho, na katika nyumba ile ni yeye peke yake anayeniuliza nimekula nini. Watoto sasa wana miaka mitatu, wanacheza pamoja. Alipokuja safari hii alimpakata Zuhura, akamfunga shanga kiunoni. Kwao hiyo ndiyo alama ya kumwekea mtoto mchumba.

"Huyu nimemwekea mjukuu wangu," aliniambia. "Baba yake Hamisi amekubali. Wewe si mtumishi tena, mwanangu, ni mkwe wetu. Mwisho wa mwezi nakuja na wazee tuliseme rasmi, na chumba cha mbele utapewa."

Dini yetu mnaijua. Mtoto niliyemnyonyesha hivyo ni mwanangu, na Zuhura ni dada yake. Hapo hakuna ndoa hata ipite miaka mia. Nilimtazama Mama Hamisi, nikangoja aseme. Akavuta ungo akaanza kuchambua mchele. Siku hiyo ndipo nilipojua kumbe anaweza kuchambua mchele.

Bibi alipoondoka nilimfuata Mama Hamisi. "Mama, watoto hawa ni ndugu. Unajua."

"Ndugu wa wapi?"

"Wa chumbani kwako, miezi saba."

Akashusha sauti. "Wakikua hawatatakana, itakufa yenyewe. Unapewa chumba, unapewa heshima, unataka nini tena wewe? Na ukisema utalala wapi na huyo mwanao? Nani atamsadiki mtu aliyevuka mto?"

Yaani yuko radhi mwanawe amwoe dada yake, mradi shoga zake wasijue kifua kilikauka. Kukauka si dhambi, ningemfichia mpaka kaburini. Zamani nilimwogopa mwanamke huyu. Siku hizi namwonea kinyaa.

Nisiwadanganye, nilikaa siku mbili nikikifikiria chumba kile. Kina dirisha, na Zuhura anakohoa kwa vumbi la mkaa. Siku ya tatu nikaikata ile shanga, nikaifunga kwenye kitambaa imngoje bibi mwenyewe.

Kusema nitasema, hilo msinishauri. Nishaurini hili: nimwambie bibi peke yake faraghani, nimwachie mke wa mwanawe sitara asiyoistahili? Au niseme mbele ya wazee, pale asipoweza kunikana kirahisi?

Na kuna jingine. Hamisi akianguka hunikimbilia mimi, magoti yana damu, mama yake yuko barazani. Nikifukuzwa nitaondoka na Zuhura, yeye atabaki mlangoni analia. Wajuzi wa dini, mama wa maziwa ana haki ya kurudi kubisha hodi amwone mwanawe? Nijibuni kabla ya mwisho wa mwezi.